Komando sawa, Hotel Rwanda hapana

Wale mliosikiliza kipindi kilichopita kwa makini mtakuwa mmesikia kitu. Karibu na dakika ya 22 Baba Mdogo anaanza kusema, "Sasa pale darajani...", halafu ghafla tunaongea habari za theluji. Sauti ya chumba inabadilika kabisa, hata friji iliyokuwa inanguruma nyuma inanyamaza. Siyo simu yenu. Tulikata. Zilitoka dakika nne na sekunde kadhaa, na tangu siku ile jambo hilo halijanitoka kichwani, kwa hiyo naliandika hapa.

Ili mnielewe inabidi nianze na Arnold Schwarzenegger.

Baba Mdogo, mdogo wake baba yangu, alikuja kukaa nasi Oakdale mwaka 1997. Mimi nilikuwa na miaka minane, nimezaliwa Saint Paul, Kiswahili changu kinaanzia "shikamoo" na kuishia "nimeshiba". Alipewa chumba cha chini, kwenye besimenti, na kati ya vitu alivyobeba kutoka Tanzania kulikuwa na kanda saba za video ndani ya mfuko wa rambo. (Kwa msiojua: rambo ni mfuko wa plastiki. Uliitwa hivyo kwa sababu ya picha ya Rambo iliyokuwa imechapwa juu yake, jina likabaki hata picha ilipotoweka, mpaka serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku mifuko hiyo Juni 2019.) Kanda zenyewe hazikucheza. Deki za Marekani zilikuwa za mfumo wa NTSC, za kwao PAL, kwa hiyo Komando alitokea kama mistari ya kijivu inayopanda juu. Baba Mdogo alifanya kazi ya usiku kwenye ghala kwa miezi mitatu hivi ndipo akanunua deki ya mifumo yote, na kitu cha kwanza kuingia humo kilikuwa Commando, ya mwaka 1985.

Sasa, filamu ile ina alama ya R. Kuna mtu anakatwa mkono kwa panga. Kuna misumeno ya duara inarushwa kama visahani. Mama alipinga, baba akasema acha mtoto ajifunze lugha. Maana Baba Mdogo hakuwa anaangalia kimya: alikuwa anatafsiri. Alikuwa amekulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya video vyenye mabenchi na joto, na alijua namna ya kuisimulia filamu juu ya sauti yake yenyewe. Steringi anaingia. Adui hajui kitu. "Huyu naye leo kwao watapika ubwabwa wa msiba!" Mkono ukikatwa tulicheka mpaka machozi. Lakini kwenye filamu yoyote, watu wawili wakisogeleana midomo, rimoti ilikuwa tayari: anasogeza mbele, kimya, uso kama wa imamu. Huyo ndiye mhakiki wa kwanza wa filamu niliyemfahamu, na vigezo vyake vilikuwa wazi.

Kiswahili changu kilichobaki nilikipata hapo, kwenye besimenti. Ndiyo maana mpaka leo nikiongea na wazee natumia neno "kummaliza" mahali wengine wanasema "kumshinda".

Mwaka 2006, nikiwa na miaka 16, mwalimu wa historia alituonyesha Hotel Rwanda darasani. Nilifurahi kuona watu wanaofanana na watu wa kwetu kwenye kioo, nikaazima DVD nikaileta nyumbani kwa kiburi kabisa. Tukakaa wote. Kuna sehemu ambapo Don Cheadle yuko ndani ya gari alfajiri, ukungu umejaa, ameambiwa apite barabara ya mtoni. Gari linaanza kurukaruka. Anashuka kuangalia.

Baba Mdogo akanyanyuka. Akasema, "Naangalia chai."

Chai haikuwepo. Nilimkuta gereji, amekaa kwenye gari lake, injini imezimwa, Aprili ya Minnesota ambayo nyote mnaijua. Nikamwambia, Baba Mdogo, mbona hata damu haionekani, ni ukungu tu. Akanijibu, "Wewe endelea. Utaniambia mwisho wake." Nilimwambia mwisho wake. Yeye hajawahi kuuliza chochote tena.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba ule ukungu ulikuwa na hesabu zake. Mfumo wa alama za filamu Marekani ulianza 1968. Wanaoangalia na kutoa alama ni wazazi wa kawaida waliochaguliwa, na majina yao kwa kawaida hayatajwi hadharani. R maana yake mtoto chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. PG-13 haikuwepo mpaka 1984, baada ya wazazi kulalamika kuhusu Indiana Jones and the Temple of Doom, ile ya mtu kung'olewa moyo kifuani, na Gremlins. Filamu ya kwanza kutoka na alama hiyo ilikuwa Red Dawn. Na kati ya R na PG-13 kuna pesa nyingi sana, kwa sababu vijana wa miaka 14 ndio wanaojaza kumbi kama hii yetu ya Hadley Avenue.

Hotel Rwanda ilipewa R kwanza. Watengenezaji wakakata rufaa, wakashinda, ikawa PG-13. Terry George, mwongozaji, alikuwa ameamua tangu mwanzo kuweka mauaji mengi nje ya picha: unasikia, unaona kwa mbali, unaona ukungu. Alitaka watoto wa shule waruhusiwe kuiona. Yaani mimi, pale darasani, bila barua ya mzazi, nilikuwa mtu yule yule aliyekusudiwa. (Kuhusu mhusika mkuu mwenyewe wa kisa kile kuna ugomvi mkubwa, na manusura wengi hawaikubali picha aliyopewa, lakini hilo ni kipindi kizima peke yake.)

Linganisheni na Shooting Dogs, ya mwaka 2005, iliyopigwa Kigali kwenye shule halisi ya ETO, ambako zaidi ya watu 2,000 waliachwa walipoondoka askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa. Jina lile linahusu askari kupiga risasi mbwa waliokuwa wanakula maiti. Ilipofika Marekani iliitwa Beyond the Gates. Walianza kukata kwenye jina.

Ukishaanza kuangalia hivi huwezi kuacha. RoboCop ya 1987 ilirudishwa mara kwa mara na alama ya X mpaka ilipopunguzwa vya kutosha kupata R. Brian De Palma aliikata Scarface akaikata tena, akachoka, akashinda kwa rufaa, halafu akaja kusimulia kwamba iliyokwenda sinema ni ile ya kwanza kabisa aliyokuwa ameipeleka. Kwenye Kill Bill ya kwanza, vita vya mgahawani Marekani waliviona kwa rangi nyeusi na nyeupe, Wajapani wakapata damu yao nyekundu. Die Hard ya nne, 2007, iliingia kumbini ikiwa PG-13; kwenye toleo la DVD matusi yakarudi na damu ikaongezwa kwa kompyuta. Fikiria kazi ya mtu huyo: anakaa ofisini anapaka damu watu waliokwisha kufa.

Kila nchi na woga wake. Uingereza walimwogopa Bruce Lee kwa sababu ya vile vijiti viwili vyenye mnyororo. Viliondolewa kwenye Enter the Dragon, na filamu haikurudi nzima mpaka 2001. China, Januari 2022, Fight Club iliwekwa mtandaoni bila yale majengo kulipuka mwishoni. Badala yake yakaja maandishi kwamba polisi waliwahi na wahalifu wote wakakamatwa. Watu walicheka sana duniani kote, na wiki chache baadaye sehemu kubwa ikarudishwa.

Na kwetu? Mkasi wetu ni wa zamani. Wakati wa ukoloni, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, filamu za cowboy zilizokuwa zinaonyeshwa kwa wachimbaji wa shaba zilikatwakatwa kwa ajili ya Waafrika peke yao: wasione Wahindi Wekundu wakiwashambulia wazungu, wasije wakapata mawazo. Watazamaji walipiga kelele tu "Jack! Jack!", jina walilowapa cowboy wote, wakaendelea. Siku hizi Tanzania ina bodi yake chini ya sheria ya filamu ya mwaka 1976, Kenya ina KFCB. Kenya walizuia The Wolf of Wall Street mwaka 2014, na mwaka 2018 wakaizuia Rafiki ya Wanuri Kahiu, ambaye alikuwa ameambiwa abadilishe mwisho kwa sababu una matumaini kupita kiasi. Mahakama iliifungulia siku saba tu. Kwenye Rafiki hakuna mkono unaokatwa kwa panga. Mimi naona rimoti ya Baba Mdogo hapo, na sisemi hivyo kwa kumsifu.

Lakini sisi tuna aina nyingine ya kuhariri ambayo Hollywood hawana. Dar es Salaam kulikuwa na Lufufu, Kapteni Derek Mukandala, aliyekuwa anaingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za nje na kuziuza upya kwenye kanda. Mtafiti mmoja Mjerumani, Matthias Krings, aliandika makala kuhusu kazi hiyo na kuiita kugeuza wali kuwa pilau. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana ma-VJ, na hapo kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote: Who Killed Captain Alex? ya Nabwana, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, kwa pesa isiyotosha kununua matairi. Nakala ya asili haipo. Nabwana alifuta mafaili apate nafasi kwenye kompyuta kwa ajili ya filamu nyingine. Iliyobaki duniani ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, akitania kila maiti. Watu wanaanguka kama mahindi na wewe unacheka, kwa sababu kuna mtu amekaa na wewe.

Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kidogo habari ya gereji. Komando alikuwa na msimulizi. Usiku ule wa 2006 msimulizi alinyamaza.

Basi, turudi kwenye kipindi. Novemba tulirekodi jikoni kwa Baba Mdogo, siku hizi anakaa karibu na Tanners Lake na mke wake na watoto. Tulikuwa tumepanga kuongelea kanda, deki, ghala. Mwenzangu akamuuliza, bila ubaya, kabla ya Marekani ulikuwa unafanya kazi gani? Akasema alikuwa dereva wa lori la maji, Ngara.

Mimi nilijua hilo. Sikujua lingine. Mwisho wa Aprili 1994 watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Tanzania ndani ya saa 24 hivi, na Benaco, mahali palipokuwa na bwawa tu, pakawa mji. Chini ya daraja unapita mto Kagera. Maiti zilipita humo mpaka Ziwa Victoria, Uganda ilizika maelfu ufukweni, na watu wa mikoa ile waliacha kula samaki. Hayo yote mtayapata kwenye vitabu. Aliyosema Baba Mdogo katika zile dakika nne hayamo kwenye vitabu, na siyaandiki.

Alipomaliza, alikaa kidogo, akasema, "Hiyo ya darajani isitoke. Watoto wangu hawajaisikia kwangu. Hawawezi kuja kuisikia kwenye simu."

Mwenzangu na mimi tuligombana kwenye gari I-694 nzima mpaka nilipomshusha. Yeye alisema hicho ndicho kipindi chenyewe, mengine yote ni porojo za deki. Kwamba kizazi chetu kinalalamika wazee hawasemi, na mzee amesema, na sisi tunafuta. Alikuwa na haki. Nilimwambia hatufuti, tunatoa toleo mbili. Akasema hivyo ndivyo studio zote zinavyosema.

Nilikata mwenyewe, usiku, na nilikata vibaya, ndiyo maana mlisikia ule mruko. Ningeweza kuufunika kwa muziki. Niliuacha. Toleo zima nililiweka kwenye flashi, nikampelekea Baba Mdogo Jumapili. "Shikamoo, nimeleta ile kitu." Aliigeuzageuza mkononi, akauliza inaingia dakika ngapi humo, akaenda kuiweka kwenye kopo la biskuti lililo juu ya kabati, lenye zile kanda saba ambazo hazina tena deki.

Wiki iliyopita mdogo wangu, mtoto wake wa mwisho, ana miaka 17, alinipigia. Hakusalimia vizuri. Alikuwa anauliza kama flashi inaweza kufunguka kwenye simu au mpaka kompyuta, kwa sababu baba amesema wakae pamoja Jumamosi na haelewi ni ya nini.

Nikamwambia ni kompyuta. Ninawapelekea ya kwangu.