Chuo ni cha kanisa, mwanafunzi ni wa nani?

Wiki hii nimepokea barua kutoka Misigiri, pale njia panda ambapo barabara ya Kiomboi inaiacha barabara kuu ya Singida na Nzega. Aliyeandika ni mzee mmoja Mwislamu, mfanyabiashara wa vitunguu. Binti yake amechaguliwa kusomea ualimu katika chuo kikuu kilichoanzishwa na kanisa. Mzee ana maswali mawili. La kwanza, je, mtoto atarudi nyumbani na dini ile ile aliyoondoka nayo? La pili ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Jirani yake amemwambia kwamba vyuo vya makanisa ni matawi ya vyama vya siasa yaliyovikwa joho, kwa hiyo anayepeleka mtoto huko amekwisha kupiga kura. Mzee anataka maelezo, kwa sababu ada ya mwaka wa kwanza itatoka kwenye magunia yake ya vitunguu.

Basi mzee wangu, tuanzie karibu na nyumbani. Chuo cha Ualimu Kinampanda unakijua. Leo ni cha serikali, lakini kilianzishwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani, wale wa Augustana, waliofanya kazi kubwa katika Iramba yote. Wazee wetu wanakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa zama zile. Shule ilikuwa ya misheni, na mara nyingi mtoto alipata dawati na jina la ubatizo kwa pamoja. Asiyetaka jina hilo alibaki kuchunga ng'ombe. Si Iramba tu, nchi nzima ilikuwa hivyo, na ndiyo sababu Waislamu wengi walichelewa kusoma.

Mwalimu Nyerere alikata mzizi huo. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, serikali ilizichukua shule za mashirika ya dini, kazi iliyofanyika hasa mwaka 1970. Ikumbukwe kwamba aliyefanya hivyo alikuwa Mkatoliki wa kanisani hasa, mtu aliyewahi kufundisha St. Mary's Tabora na St. Francis Pugu. Wapo maaskofu waliosikitika, lakini mtoto wa Kiislamu akaingia darasani kwa alama zake.

Kwa miaka mingi baada ya hapo chuo kikuu kilikuwa ni jambo la serikali peke yake. Upepo ukageuka miaka ya 90, hazina ilipokuwa imekauka na hospitali hazina dawa. Mwaka 1992 serikali ilitiliana saini na makanisa hati ya makubaliano, kwamba huduma za makanisa hazitataifishwa tena, na kwamba serikali itazisaidia. Mwaka 1995 sheria ya elimu ilirekebishwa, watu binafsi na mashirika wakaruhusiwa kuanzisha vyuo vikuu chini ya Baraza la Ithibati. Walutheri wakaanzisha Tumaini. Wakatoliki wakakipandisha daraja chuo chao cha Nyegezi, Mwanza, kilichokuwapo tangu 1960, kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Waislamu walipata Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro mwaka 2005, katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO ambayo Rais Mkapa aliwakabidhi.

Hati ile ya 1992 imezungumzwa sana misikitini, na gazeti la An-Nuur halijachoka kuiandika. Hoja yao ni kwamba serikali isiyo na dini imefunga mkataba na dini moja. Mimi naona hoja hiyo ina uzito, na haijibiwi kwa kusema tu kwamba hospitali ya Walutheri ya Iambi inamtibu kila mtu. Ni kweli inamtibu kila mtu. Lakini aliyeuliza hakuuliza habari ya kitanda, aliuliza habari ya mkataba. Tena mizani yenyewe haipo, kwani tangu sensa ya 1967 serikali yetu haijamwuliza mwananchi dini yake. Kila anayekutajia asilimia za Waislamu na Wakristo anakutajia makisio.

Sasa twende Dodoma, maana huko mambo yanaonekana kwa macho. Mwaka 2007 mji ule ulipata vyuo vikuu viwili. Kimoja ni St. John's, cha Kanisa Anglikana. Kipo mahali ilipokuwa Sekondari ya Mazengo, na kabla ya kuitwa kwa jina la yule mtemi wa Wagogo, shule ile iliitwa Alliance nayo ilikuwa ya misheni. Yaani eneo lilitoka kanisani likaenda serikalini, kisha likarudi kanisani. Cha pili ni Chuo Kikuu cha Dodoma, cha serikali, ambacho ndani yake umo ukumbi wa Chimwaga. Ukumbi ule ulikuwa wa CCM! Ndimo wajumbe walimomteua Mkapa kugombea urais mwaka 1995, na Kikwete mwaka 2005. Kwa hiyo jirani wa mzee wetu akitaka kutafuta chuo chenye alama za chama ukutani, asiharakishe kukimbilia cha kanisa.

Chuo cha kanisa nchini mwetu si mali ya mtu mmoja moja kwa moja. Ardhi na msalaba ni vya kanisa. Hati idhini inatoka serikalini, kupitia Tume ya Vyuo Vikuu iliyochukua kazi ya lile Baraza kwa sheria ya 2005. Fedha zinatoka kwa wazazi, na kwa Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi mwaka huo huo wa 2005, ambayo humkopesha mwanafunzi awe chuo cha serikali au cha dini. Fedha hizo ni kodi, na kodi hiyo mzee wa vitunguu naye anailipa. Ndiyo maana nasema chuo kinaweza kufungua mahafali kwa sala, kumweka askofu kuwa Mkuu wa Chuo, kujenga kanisa katikati ya uwanja, wala hakuna ubaya, kwani ndivyo kilivyo. Lakini kumdai mwanafunzi imani ni jambo jingine. Katiba yetu, ibara ya 19, inaiacha dini katika hiari ya mtu, na hiari hiyo haiishii kwenye lango la chuo.

Hata hivyo, taabu yenyewe mara nyingi haiji kwa sura ya ubatizo. Huja kwa vitu vidogo: mtihani uliopangwa Ijumaa saa saba mchana, binti anayeambiwa hijabu yake inapingana na kanuni za mavazi, vijana wanaoswali ukumbini kwa sababu chumba hakuna. Wala si Waislamu tu. Msabato anayepangiwa jaribio Jumamosi katika chuo cha serikali analalamika vile vile, na Wasabato wenzake walioko Chuo Kikuu cha Arusha, ambacho ni chao, hawana shida hiyo hata kidogo.

Nije kwenye siasa. Tulipoingia vyama vingi mwaka 1992, sheria ilikataza chama cha dini, na matawi ya chama yakaondolewa makazini. Lakini watu wakaendelea kupeana majina. CUF iliitwa chama cha Waislamu. CHADEMA nayo ikaitwa chama cha Wakristo, hasa mwaka 2010 ilipomsimamisha Dk. Willibrod Slaa, aliyewahi kuwa padri na katibu mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, kushindana na Rais Kikwete ambaye ni Mwislamu. Mwaka ule ule vyuo vilichelewa kufunguliwa hadi baada ya uchaguzi wa Oktoba 31, na wanafunzi waliojiandikisha vyuoni wakalalamika kwamba kura zao zimepotea. Hapo ndipo kila mwanasiasa alipotambua uzito wa kura za vyuoni.

Vyama vina vijana wao huko. UVCCM ina seneti zake, CHADEMA ina CHASO, na wamo katika vyuo vya serikali na vya dini. Vijana niliozungumza nao wananiambia kwamba katika uchaguzi wa serikali ya wanafunzi mgombea huulizwa kwanza anasali wapi. Je, ni USCF au ni CASFETA? Mlutheri na Mpentekoste, wote Wakristo, huvutana mashati, na kura za Waislamu wachache ndizo zinazoamua mshindi! Kwa hiyo jirani amekosea aliposema chuo ni tawi la chama. Ila hakuota kabisa. Mbunge anapokuja na hundi kwenye harambee ya bweni kisha akapewa kipaza sauti mbele ya vijana elfu mbili, hiyo ni siasa, na uongozi wa chuo ndio uliomkaribisha.

Mzee wangu, nakujibu hivi. Tangu mwaka 2017 mwombaji hapangiwi chuo na Tume, anaomba mwenyewe. Maana yake binti yako ndiye aliyeandika jina la chuo hicho, akijua ni cha nani. Muulize kwa nini kabla hujamkataza, nadhani atakuwa na jibu. Kisha mwombe fomu ya maelekezo ya kujiunga, muisome pamoja. Tazameni kanuni za mavazi, na tazameni kama ibada za asubuhi ni za lazima au za hiari. Kama haikuandikwa, pigeni simu kwa mshauri wa wanafunzi mwulize habari ya Ijumaa na mahali pa kuswali, na jibu mlitake kwa maandishi. Na suala la mkopo msilicheleweshe. Cheti chake cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA kwanza, na dirisha la maombi likifungwa, magunia yote yatabaki juu yako.