Ufunguo Ndani ya Kioo

Leo tunawaletea habari ya ufunguo mmoja wa chuma. Mwenyewe ni jirani yetu, bibi wa Kizanzibari hapa Chatsworth. Nao ni wa nyumba ya wazee wake ya Kings Rest, kabla ya kuhamishiwa huku kwa amri ya serikali katika miaka ya 1960. Alituomba tuutie kati ya vioo viwili, wajukuu wapate kuuona.

Tulikubali upesi mno. Tanuri ilifika digrii 800, vioo vikashikamana. Kesho yake tulikuta ufa kutoka ukingo hadi ukingo. Ikatubidi tuvivunje ili kuutoa ufunguo, mweusi kama mkaa.

Karibu kila kitu husinyaa kikipoa, ila chuma husinyaa kuliko kioo, na ufunguo mnene haunyumbuki. Shaba nyekundu husinyaa zaidi hata ya chuma (kioo takriban 9, chuma 12, shaba 17, sehemu za milioni kwa kila digrii), lakini ikiwa nyembamba kama karatasi huwa laini, ikavutwa na kioo ikatii. Waya uliopakwa zinki msiutie kabisa: moshi wake hudhuru mapafu.

Bibi hakutulaumu, na hilo lilituuma zaidi. Tuliuweka ufunguo juu ya karatasi ya shaba, tukachora umbo lake, tukalikata kwa mkasi. Safari hii kioo kilitoka kizima, na umbo ndani yake jekundu la kukolea. Ufunguo wenyewe bibi ameurudisha kabatini.