Maji ya mgongo: namba kwanza, mistari baadaye
Mrija wa maji ya uti wa mgongo ukifika maabara na karatasi iliyoandikwa "MS?", kwa miaka mingi kazi imekuwa moja: kutafuta mistari. Mtaalamu huyaweka maji hayo kwenye jeli, ubavuni mwa damu ya mgonjwa huyohuyo, akapitisha umeme, na kingamwili zikajipanga kila moja mahali pake. Saa kadhaa baadaye anainama kuhesabu. Mistari miwili au zaidi iliyo kwenye maji na haimo kwenye damu ina maana kingamwili zinatengenezwa hukohuko ndani, kwenye ubongo na uti wa mgongo. Wagonjwa wengi wa MS, ambao kinga yao imegeuka na kula utando wa mishipa ya fahamu, huwa nayo.

Kazi hiyo hutegemea jicho. Mstari hafifu huyu atauhesabu, mwenzake atauruka.

Njia fupi ipo. Chembe zinazotengeneza kingamwili huzalisha pia vipande vya ziada, minyororo myepesi ya kapa, vinavyobaki vikielea kwenye maji. Mashine hupima kapa kwa muda usiofika saa moja na kutoa namba. Kapa ya maji hugawanywa kwa ile ya damu, kisha jibu hugawanywa kwa uwiano kama huo wa albumini, protini ya damu, ili kilichopenya tu kutoka kwenye damu kisihesabiwe. Mpaka unaotajwa sana ni 6.1. Vigezo vya McDonald vya kutambua MS, vilivyorekebishwa na kuchapishwa 2025, vinaikubali kapa badala ya mistari.

Kwa hiyo kumwekea kila mgonjwa jeli naona ni kupoteza muda. Namba ianze, ikiwa chini kabisa, jeli ipumzike. Ikikaribia mpaka, hapo ndipo jicho la mtaalamu lina kazi.

Hata hivyo, namba peke yake haitaji ugonjwa. Kaswende iliyofika kwenye ubongo nayo hupandisha kapa. NMO, ugonjwa mwingine wa kinga uliodhaniwa kuwa MS kwa miongo mingi, una kingamwili yake iliyotambuliwa 2004, na hiyo hutafutwa kwenye damu. Mgonjwa wa NMO akipewa baadhi ya dawa za MS, hali yake huweza kuwa mbaya zaidi.

Ukiandikiwa kutolewa maji ya mgongo, muulize daktari kama damu nayo itachukuliwa siku hiyohiyo. Bila damu, mistari haina cha kulinganishwa nacho, na hesabu ya kapa haikamiliki.