Popo na bakteria wa kimeta: hatari mbili katika hifadhi moja ya Uganda

Katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda, lipo pango wanamoishi makumi ya maelfu ya popo wa matunda. Popo hao hubeba virusi vya Marburg pasipo kuugua. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi aliingia pangoni humo, akafariki dunia baada ya kurejea kwao.

Hatari ya pili haina mabawa. Ni bakteria wa kimeta, walioua viboko zaidi ya 200 katika hifadhi hiyohiyo kuanzia mwaka 2004.

Wengi hudhani dawa ya popo ni kuwaua. Mgodi wa Kitaka waonyesha vingine. Wachimbaji walipougua Marburg mwaka 2007, popo wa mgodi huo waliangamizwa. Kufikia 2012 wengine walikuwa wamehamia humo, na kiwango cha maambukizi miongoni mwao kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha awali. Mwaka huohuo Marburg ilizuka tena wilayani Ibanda, jirani na mgodi.

Kimeta hungoja kwa namna nyingine. Katika mzoga ambao haujapasuliwa, bakteria wengi hufa nyama inapooza. Mzoga ukichunwa, damu hukutana na hewa, nao bakteria hujifunika ganda gumu na kukaa udongoni miaka mingi, hata makumi ya miaka, hadi ng'ombe au mbuzi awameze pamoja na majani. Ndiyo maana mnyama aliyekufa ghafla, akivuja damu nyeusi isiyoganda, hapaswi kuguswa kwa kisu. Huteketezwa au kuzikwa kwenye shimo refu. Ushauri huo ni mwepesi kuutamka kuliko kuufuata. Kwa mfugaji aliyekuwa na ng'ombe mmoja, kuifukia nyama ni hasara juu ya hasara, na wilayani Kyotera, mwaka 2023, wapo waliokula nyama hiyo wakaugua.

Hata hivyo, kimeta kina chanjo ya mifugo ya kila mwaka, na binadamu akiwahi hospitali hutibiwa kwa antibiotiki. Ni nadra mgonjwa kumwambukiza mwenzake. Marburg bado haina chanjo wala dawa iliyoidhinishwa, nayo huenea kupitia damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa. Mlipuko uliotokea Rwanda mwaka 2024, ukaua watu 15, ulihusishwa na popo wa mgodini.