Utangulizi: Neno kwa Mtu Mwenye Shughuli

Yoshua hakuwa mtawa. Alikuwa jemadari aliyeachiwa taifa zima baada ya kifo cha Musa, mbele yake Mto Yordani, na ng'ambo ya mto vita. Ni mtu huyo, tena katika saa hiyo, aliyeagizwa kuitafakari torati usiku na mchana (Yoshua 1:8).

Naanza naye kwa sababu Wakristo wengi huamini kwamba kutafakari Maandiko ni kazi ya masista, wachungaji na wastaafu. Mama muuza samaki, muuguzi wa zamu ya usiku na dereva wa daladala tunadhani wanatosheka na mahubiri ya Jumapili. Kitabu hiki kinashikilia kinyume chake. Tangu zamani kutafakari kumekuwa desturi ya watu wenye kazi mikononi, na thamani yake huonekana humohumo kazini.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja ni jambo jema, na kuichambua kwa kamusi na ramani ni jambo jema pia. Kutafakari huanza pale msomaji anapochukua maneno machache na kukaa nayo. Huyarudia kwa sauti ndogo, huyaweka moyoni, huyauliza maswali, hukubali yamuulize na yeye, kisha humjibu Mungu kwa sala. Guigo wa Pili, mmonaki wa Kikartusi aliyeishi Ufaransa katika karne ya 12, aliipanga safari hiyo kwa vipandio vinne vya ngazi: kusoma, kutafakari, kusali, na kutulia mbele za Mungu. Wengi wanaofundisha somo hili leo, Wakatoliki kwa Waprotestanti, bado wanaitumia ngazi yake.

Desturi yenyewe ni ya kale kuliko Guigo. Katika karne ya 4, kandokando ya Mto Nile huko Misri, Pakomi alikusanya wanaume waliotaka kuishi pamoja kwa sala na kazi. Kanuni zao zilitaka asiyejua kusoma afundishwe, hata kama hapendi, na kila mmoja ajue kwa moyo walau Zaburi na Agano Jipya. Kisha walikwenda kusuka mikeka na kamba, midomo ikiendelea kutamka walichokariri. Mikono ilisuka na moyo ulisali, na hakuna kilichomzuia mwenzake.

Desturi hiyo ilitoka monasterini ikaingia mitaani. Mwaka 1535 kinyozi wa Martin Luther mjini Wittenberg, aliyeitwa Peter, alimwomba amfundishe kusali, na Luther akamwandikia kijitabu kizima. Alimweleza jinsi yeye mwenyewe alivyozipitia Amri Kumi, kila amri mara nne: inanifundisha nini, nishukuru kwa lipi, nitubu lipi, niombe nini. Kisha akampa mfano wa kazi yake mwenyewe: kinyozi mwema hukaza macho kwenye wembe na nywele, maana akipiga soga huku ananyoa anaweza kumkata mtu pua. Nakipenda kijitabu hiki kwa heshima iliyomo. Profesa wa Maandiko hakumwona kinyozi kuwa mdogo mno kwa jambo hili.

Tuone sasa kwa karibu kazi yenyewe inavyokwenda. Fungua Marko 4:35-41, Yesu anapotuliza dhoruba. Hadithi tunaijua tangu shule ya Jumapili, na kwa sababu tunaijua, tunaipita mbio. Isome polepole. Marko peke yake ndiye anayesema kwamba Yesu alilala nyuma ya chombo, kichwa juu ya mto wa kulalia. Marko peke yake ndiye anayetaja kwamba kulikuwa na vyombo vingine pamoja naye. Mathayo na Luka hawavitaji. Kaa hapo. Watu wa vyombo vile walipigwa na upepo uleule na kulowa maji yaleyale, kisha shwari ikawafikia nao. Je, walijua ni nani aliyeukemea upepo? Sasa geuza swali lije kwako: ni shwari ngapi maishani mwako zililetwa na Bwana huku wewe ukidhani hali ya hewa imebadilika tu? Hapo umeshaacha kusoma habari za watu wengine. Swali hilo unaweza kwenda nalo kazini, likaja mdomoni kama shukrani katikati ya mchana.

Lakini maneno machache yana hatari yake, na mwalimu mwaminifu hana budi kuitaja. Mstari ulionyofolewa mahali pake unaweza kusemeshwa chochote. Wafilipi 4:13 hubandikwa kwenye mabasi na kunukuliwa kabla ya mitihani kana kwamba ni ahadi ya ushindi. Rudi nyuma mstari mmoja tu utamkuta Paulo, mfungwa, akieleza kwamba amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Nguvu anayoitaja ni ya kustahimili hali zote mbili. Kwa hiyo uchambuzi na tafakari hutembea pamoja: wa kwanza hutuzuia kuzua, na ya pili hutuzuia kubaki watazamaji.

Kinga nyingine ni wenzetu. Jumuiya ndogondogo za Kikatoliki, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele katika miaka ya 1970, nyingi zimejifunza njia ya hatua saba iliyotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Baada ya Injili kusomwa, kila anayeguswa hutamka kwa sauti neno moja au fungu la maneno, mara tatu, na kila mara kimya hufuata. Anayejua kusoma na asiyejua huwa sawa hapo. Kisha, kabla ya sala ya mwisho, hutafuta pamoja Bwana anataka wafanye nini. Mara nyingi jibu huwa na anwani: mgonjwa wa nyumba ya tatu, mjane asiye na karo ya mtoto.

Faida ya haya yote hujulikana zaidi siku ngumu. Dietrich Bonhoeffer, aliyewaandaa wachungaji huko Finkenwalde, Ujerumani, kuanzia mwaka 1935, aliwataka wanafunzi wakae nusu saa kila asubuhi na fungu moja fupi kwa wiki nzima. Wapo walioona ni mzigo. Polisi wa Hitler walikifunga chuo mwaka 1937, lakini Bonhoeffer aliendelea kuwatumia wanafunzi wake barua zenye mafungu ya kutafakari, hata wengine walipokuwa vitani. Mtu aliyezoea kukaa na Neno wakati wa utulivu ana la kusema wakati ulimi umekauka. Hata Zaburi 88, inayoishia gizani, humpa aliyefiwa maneno ya kumlilia Mungu badala ya kumnunia.

Karibu, basi. Sura zinazofuata zitakupitisha katika Zaburi, Injili na Nyaraka, na kila moja inaishia na fungu fupi la kutafakari. Usizisome zote kwa mkupuo. Chukua fungu moja, ulisome asubuhi kabla ya kushika simu, ulirudie njiani, na jioni umweleze Mungu lilikokukuta. Kaa nalo wiki nzima kabla ya kufungua sura nyingine, na ukiweza mtafute mwenzako mmoja wa kulisoma naye.