Nani Apimaye Damu Zetu?

Mgonjwa kutoka Kwala anapopata nafuu katika Hospitali ya Tumbi, Kibaha, humshukuru daktari na muuguzi. Yule aliyeinamia darubini hamjui hata kwa sura. Wengi hudhani daktari ndiye apimaye damu. Sivyo. Daktari huandika ombi. Kipimo hufanywa na mtaalamu wa maabara, mwenye mafunzo yake mbali na usajili wake mbali, chini ya Baraza lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2007.

Kazi hiyo ya kila siku si nyepesi. Katika malaria, tone la damu hutandazwa juu ya kioo, likaachwa likauke, likatiwa rangi ya Giemsa; kisha jicho halina budi kupita sehemu zisizopungua 100 za kioo hicho kabla ya kutamka kwamba vijidudu havikuonekana. Anayeishia sehemu 20 kwa sababu foleni ni ndefu amekata hukumu bila kusikiliza mashahidi.

Katika zahanati, muuguzi au tabibu hutumia kipimo cha haraka cha kuchoma kidole. Hatukibezi, kwani kimeokoa wengi. Hata hivyo chaweza kuendelea kuonyesha malaria majuma kadhaa baada ya mtu kupona, wala hakielezi wingi wa vijidudu. Hapo darubini, na mwenye kuijua, bado vyahitajiwa.

Ndugu zetu wa visiwani hawahitaji kuhubiriwa. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, huko Wawi, Pemba, iliyofunguliwa mwaka 2000, imewaonyesha jinsi upimaji wa makini unavyosaidia kuvikabili kichocho na minyoo katika jamii nzima.

Nayo Kwala si ile ya zamani. Bandari kavu ilizinduliwa Julai 2025, na pamoja na makontena huja madereva, makuli, mama lishe na watoto wao. Majengo ya tiba yatadaiwa, na ni haki. Lakini mama anayevuja damu baada ya kujifungua, saa nane za usiku, hawezi kungoja asubuhi ili kundi la damu yake lijulikane. Penye mtaalamu mmoja tu wa maabara, akienda likizo, nani hushika kioo? Wakuu wa halmashauri wanapopanga ikama, waandike kwanza jina la mtu wa zamu hiyo ya usiku, ndipo wafikirie rangi ya kuta.