Pampu ya sola: Jua kali, maji haba

KATIKA nchi kame kama Nadapal, Turkana, kisima kikitoa maji haba watu hudhani kimekauka. Pengine kosa ni la nyaya tu.

Pampu nyingi za sola za visimani huendeshwa na mota isiyo na brashi za kaboni, ya jamii ile ile inayosukuma boti za kuchezea za umeme. Brashi huisha kwa kusuguana, na kuzibadilisha ni kung'oa mota nzima kutoka kisimani. Katika mota hii sumaku ndiyo huzunguka, huku kidhibiti kilicho juu kikigawa umeme kwa zamu katika nyaya tatu.

Fundi akipishanisha nyaya mbili zozote kati ya hizo, mota huzunguka kinyume. Boti ingerudi nyuma na kosa lingeonekana papo hapo. Pampu inayorusha maji kwa panga zake, kwa bahati mbaya, huendelea kunguruma ikitoa maji kidogo. Dawa yake ni kuzima umeme, kupishanisha nyaya mbili, kisha kulinganisha maji yanayotoka.

Unene wa waya nao si jambo dogo: kisima kikiwa kirefu, waya mwembamba hupoteza nguvu njiani kabla haijaifikia mota.